Ratiba Mpya ya Mieleka ya Wendell Grove

Darin Rademacher mwenyewe ndiye anayependa kuisimulia habari hii, na kila akiisimulia hujipaka matope kuliko adui yake yeyote angethubutu kumpaka. Huanzia ndani ya gari.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, na familia yake ilikuwa inarudi nyumbani kutoka kwenye mashindano ya mieleka ya watoto ya Wendell Grove. Mashindano hayo aliyaandaa yeye, kama alivyoyaandaa miaka minane mfululizo. Kwenye kiti cha nyuma, binti yake Brynn, miaka tisa, alikuwa amelala na medali yake mdomoni. Tate, miaka sita, alikuwa amekasirika kwa sababu ambayo hakuikumbuka tena. Lottie, wa miaka minne, hakuwa amepigana na mtu ila nduguze, na alikuwa anauliza ni lini atapewa viatu vya mieleka. Mkewe Janelle alikuwa kimya. Darin akadhani amenyamaza kwa kuridhika. Huo ndio uhodari wake wa kusoma nyuso za watu, husema.

"Watoto wetu wamecheza mechi sita," Janelle akasema. "Nimezipima kwa simu. Zote kwa jumla ni dakika saba na sekunde kumi. Na mimi nimekaa kwenye yale mabenchi masaa kumi na moja."

Hapo mtu mwenye akili angeendesha gari tu. Darin akasema kwamba enzi zake yalikuwa masaa kumi na matatu, na ukumbi wenyewe haukuwa na joto.

Janelle hakupandisha sauti. Alisema, kama mtu anayekuambia maziwa yamekwisha, kwamba mwakani Darin atawapeleka watoto mwenyewe. Yeye harudi tena kwenye yale mabenchi. Na Lottie haanzi.

Sasa, ni lazima ieleweke kwamba Janelle hakuwa mwanamke wa kuchoshwa na mieleka. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa akiandika pointi za timu. Alikaa mezani miaka minne na daftari lake, na Darin, aliyekuwa akipigana uzito wa ratili mia moja thelathini na mbili, alimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee mle ukumbini aliyemwambia ukweli kwamba mguu wake wa kushoto ni mzito. Mwanamke kama huyo akisema basi, ujue imetosha. Darin alilijua hilo, na lilimtia hofu ambayo hakumwambia mtu. Majira yote ya baridi Jumamosi zao zilikuwa za mieleka. Akijiona anazimaliza peke yake na watoto, na mkewe nyumbani akifanya mambo mengine ya maana, aliona mchezo wenyewe haumpi raha tena. Alimtaka pale. Hilo ndilo lililomsumbua mwaka mzima, ingawa kwenye vikao vya klabu alisema kinachomsumbua ni idadi ya wanachama.

Idadi yenyewe nayo ilikuwa mbaya, usifikiri alizua. Klabu ilikuwa na watoto themanini na nne, na katika miaka minne wakawa hamsini na mmoja. Mtoto haachi mieleka kwa sababu amepigwa. Anapigwa leo na kesho anataka tena. Anaacha kwa sababu mama yake ameinua macho Jumapili moja na kusema hapana.

Kwa hiyo Darin akaamua kuleta ratiba mpya. Na hapa inabidi isemwe anafanya kazi gani, maana balaa lote lilitoka huko. Darin ni msimamizi wa foleni kwenye ghala la nafaka la ushirika. Msimu wa mavuno malori ya mahindi huja mia mbili kwa siku, na ni yeye anayeyapangia nani aje saa ngapi, amwage wapi, atokee mlango upi. Miaka kumi na tano, na hakuna lori lililowahi kukaa zaidi ya dakika arobaini. Wakulima wa kaunti nzima wanamheshimu kwa jambo hilo, na yeye mwenyewe alikuwa anajiheshimu kupita wote.

Alikaa na kompyuta yake wiki tatu. Zamani watoto wote walipimwa uzito alfajiri, wakagawanywa makundi ya wanne wanne, kisha kila mmoja akasubiri kuitwa bila kujua ataitwa lini. Darin alivunja siku vipande vitatu kwa umri. Wadogo kabisa wangeanza saa mbili asubuhi, wa kati saa tano, wakubwa saa nane na nusu mchana. Kila mtoto angefika, angepimwa, angecheza mechi zake tatu, na ndani ya masaa mawili angekuwa nje akila. Alikagua mara tano. Ndani ya kila kipindi hakuna mkeka wa mieleka uliolala bila kazi hata dakika moja.

Aliipeleka ratiba hiyo kwenye kikao cha Desemba, katika chumba cha kulia cha shule, na aliieleza kwa dakika arobaini na tano kwa kutumia projekta aliyoiazima kazini. Kocha Verlyn Goedken, mzee wa miaka sabini na tatu aliyewafundisha baba za watoto na sasa anawafundisha watoto, alipinga kidogo. Alisema kusubiri ni sehemu ya mieleka, kunamkomaza mtoto. Darin akamjibu kwa upole kwamba hata mahindi hukomaa, lakini yakiachwa sana huoza. Watu walicheka, akajiona bingwa. Kura zikapigwa, akashinda.

Alifika nyumbani amevimba kichwa. Akamweleza Janelle kwamba kila kitu kimebadilika, kwamba masaa mawili tu, mawili, kisha yuko huru. Janelle alikuwa anafunga chakula cha kesho. Alimtazama mumewe, na Darin huapa kwamba aliona kitu kikilegea usoni pake.

"Nitabadilishana zamu na mwenzangu wa kazini, kule kwenye nyumba ya wazee," Janelle akasema. "Nitakuja siku hiyo moja. Lottie naye umwandikishe. Ila ikiwa kama ya mara iliyopita, Darin, usiniambie tena habari ya mieleka. Wala huyu mdogo usimwambie."

"Haitakuwa."

"Sawa. Tutaona."

Darin alilala usingizi wa mtu mwema.

Jumatatu ya wiki ya mashindano alituma ratiba kwa wazazi wote. Walikuwa wamejiandikisha watoto mia mbili na kumi na wanne kutoka miji sita, idadi ambayo haikuonekana tangu zamani, kwa sababu habari za masaa mawili zilikuwa zimeenea. Jumanne alipokea barua pepe tatu fupi, ambazo alizichukulia kuwa za watu wasiojua kusoma ratiba. Jumatano alasiri, alipotoka kazini, alimkuta Janelle mezani ameichapisha ile ratiba kwenye karatasi, na mkononi ana kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia watoto namba mkononi siku ya mashindano.

"Lottie anacheza saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi. Saa nne mmeshamaliza."

"Na Tate?"

"Tate ni wa kati. Saa tano." Darin anasema hata hapo bado alikuwa anatabasamu.

"Brynn?"

Darin akafungua mdomo kusema saa nane na nusu, na neno likakwama. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamtazama yeye, na alikuwa amezungushia duara majina matatu, moja juu ya karatasi, moja katikati, moja chini kabisa.

Ratiba ilikuwa safi. Hakuna mtoto ambaye angekaa zaidi ya masaa mawili. Wazazi pekee ndio wangekaa kuanzia saa moja na nusu ya asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni. Wendell Grove na miji ya jirani ni ya watu wanaozaa, na wanaozaa kwa kupishana miaka miwili miwili. Ni nyumba chache mno zenye mtoto mmoja. Zamani mama alikaa siku nzima, lakini watoto wake walikuwa wamechanganyika, na akibahatika wote wangeitwa asubuhi akaondoka mchana. Darin alikuwa ameifuta bahati hiyo. Amehakikisha kwa ustadi mkubwa, kwa kompyuta, kwamba hakuna familia hata moja yenye watoto watatu itakayoweza kwenda nyumbani.

"Darin," Janelle akasema taratibu, "hao watatu ni wako. Umewapanga mwenyewe kwa mkono wako. Hukuona?"

Hakuona. Aliona mwenye ratili thelathini na nane, darasa la chekechea. Aliona mwenye ratili hamsini na mbili, darasa la kwanza. Aliona mwenye ratili sabini na moja, darasa la nne. Miaka kumi na tano alikuwa anapanga malori, na lori halijawahi kufika ghalani likiwa na wadogo zake.

Simu ikalia. Alikuwa Kendra Oltmann wa mji wa Tilford, mama wa watoto watano, wote wanamieleka, na wote watano wamegawanyika kwenye vipindi vitatu. Kendra hakutukana. Aliuliza tu kama Darin anajua kwamba kwa ratiba hii bibi yake Kendra, aliyezaa kumi na wawili, angefia ukumbini. Kisha akasema kwamba safari hii watabaki nyumbani, na pengine msimu ujao pia, maana mumewe amesikia habari za mpira wa kikapu. Darin alisema anaelewa. Alipoweka simu chini alikaa kwenye ngazi ya jikoni na viatu vyake vya kazini miguuni, jambo lisiloruhusiwa katika nyumba ile.

"Nimeharibu," akasema.

"Umeharibu sana," Janelle akakubali. "Hebu njoo hapa."

Alichofanya Janelle kilikuwa rahisi hata kikamwudhi Darin. Alileta mezani pakiti ya kadi tupu za kuandikia, na badala ya kuandika mtoto mmoja kwa kadi, akaandika nyumba moja kwa kadi. Zikawa kadi tisini na tatu. Kisha akazigawa mafungu mawili kwa miji. Wendell Grove, Tilford na Osbury wangekuja asubuhi, watoto wote, wadogo kwa wakubwa. Miji mingine mitatu ingekuja mchana. Katika kila fungu, makundi ya wanne wanne yangepangwa kwa umri na uzito wa watoto waliomo humo humo. Mama mwenye watano angekuja mara moja na kuondoka mara moja.

Darin alikuna kichwa. Kila mshipa wa mwanamieleka ndani yake ulikataa. Alieleza kwamba haiwezekani, kwa sababu ukigawa kwa miji, mtoto mzuri wa Tilford hatakutana na mtoto mzuri wa huko upande wa mchana. Akatoa mfano wa Tate. Katika uzito wa Tate kuna mvulana wa mji wa Saint Odilo ambaye hajapoteza mechi msimu huu. Ikiwa hawatakutana, itajulikanaje nani bora?

Janelle aliweka kadi chini.

"Darin. Tate ana miaka saba."

Darin anasema katika maisha yake amelazwa mgongo mara nyingi, tena na watu wazito, lakini hakuna aliyewahi kumlaza haraka namna hiyo. Alivuta kiti, akachukua nusu ya kadi, wakaanza kupanga.

Ilibidi kwanza awaandikie wazazi. Alitaka kuandika kwamba kumetokea marekebisho madogo ya kiufundi. Janelle, akisimama nyuma yake, akasema aandike ukweli au aandike yeye. Ndipo ikatoka barua ambayo mpaka leo imebandikwa kwenye ubao wa duka la kahawa pale mjini: "Wazazi wapendwa, ratiba niliyowatumia Jumatatu ilipangwa na mtu anayejua sana malori. Mtu huyo ana watoto watatu na aliwasahau wote watatu. Itupeni. Mpya hii hapa, imepangwa na Janelle, kwa hiyo mnaweza kuiamini."

Alhamisi mchana Kocha Verlyn akampigia simu ghalani. Darin alijiandaa kuchekwa, na kweli alichekwa, muda mrefu, mpaka mzee akakohoa.

"Kijana, barua yako nimeisoma mara mbili," Kocha akasema. "Mara ya pili nimemsomea mke wangu."

"Amesemaje?"

"Amesema, hilo ndilo nililokuwa nakwambia. Nikamwuliza lini? Akasema mwaka themanini na tisa. Unajua aliacha kuja mwaka themanini na tisa? Mimi miaka yote hii nilikuwa najua anapenda kukaa nyumbani."

Kocha akamwuliza kama kwenye kipindi cha asubuhi kuna nafasi ya mtu mmoja kukaa mbele mbele, maana magoti ya mkewe hayapandi ngazi sasa. Darin akasema ipo.

Jumamosi ikafika na baridi ya kukata masikio. Janelle alikuwa amesema jambo moja tu: kwenye mabenchi hakai, atakaa mezani. Akaketi katikati ya meza ya waandaaji, maikrofoni kushoto, kompyuta kulia, miwani puani, na Darin akasimama nyuma yake ili amsaidie. Mkewe alikuwa amempa siku moja, na sehemu ya siku ile ilikuwa tayari imetumika kutafuta glavu ya Lottie.

Familia zilianza kuingia, na hapo Darin akaona kwamba hakuna aliyeiamini barua yake. Walikuja kama watu wanaokimbia vita. Walikuwa na mablanketi, viti vya kukunja, mito, masanduku ya barafu yaliyojaa soda na mikate, masufuria ya umeme yenye nyama. Kendra Oltmann, ambaye Janelle alikuwa amempigia simu mwenyewe kumbembeleza, aliingia na watoto watano na mfuko wa nguo za kubadilisha. Alimpita Darin akaenda kujijengea makazi kwenye safu ya tatu.

Saa mbili kamili filimbi zikalia kwenye mikeka sita. Janelle alikuwa anaita majina kwa sauti isiyo na haraka, na watoto walikuwa wanakuja, wanaangushana, wananyanyuliwa mkono, wanaondoka, wengine wanakuja. Darin aliegemea bega lake akanyoosha kidole kwenye kompyuta kumwonyesha kwamba mkeka wa nne unabaki nyuma. Baadaye akanyoosha kidole kwenye mkeka wa pili. Baadaye tena akapumua kwa namna fulani ambayo, Janelle anasema, hutoka puani mwake anapoona lori linarudi nyuma vibaya.

Janelle akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Darin. Nenda kakae."

"Nikakae wapi?"

Mkewe akanyoosha kalamu kuelekea juu, kwenye mabenchi ya ngazi.

Miaka tisa alikuwa anaandaa mashindano mle ndani, na hakuwa amewahi kukaa kule. Alipanda akiwa na aibu ya mtu aliyefukuzwa kazi mbele ya mji mzima. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa karibu na Kendra. Akakaa. Benchi lilikuwa la mbao, jembamba, halina pa kuegemea, na mtu wa nyuma alikuwa na magoti ambayo yalimwingia Darin mgongoni kila mtoto wake alipopata pointi. Baada ya dakika ishirini alianza kugeuka upande huu na upande ule. Baada ya dakika arobaini aliuliza, kwa sauti ya chini, kama siku zote huwa hivi.

"Leo hata ni afadhali," Kendra akasema bila kumtazama. Akachomoa mto mmoja kutoka kwenye shehena yake akampa. "Ukunje mara mbili. Uweke pale nyuma kabisa, sio katikati. Wanaume hamjui kitu."

Akaukunja mara mbili. Aliona nafuu kubwa hata akaona haya. Masaa kumi na moja, alijisemea. Na yeye Darin akamjibu mkewe habari za masaa kumi na matatu.

Kutoka kule juu alimwona Lottie akicheza mechi yake ya kwanza ya maisha, ambayo ilidumu sekunde kumi na tisa. Lottie alisahau ni nani anayepaswa kumwangusha, akamkumbatia mwenzake, wakaanguka pamoja, refa akacheka na kumpa mwingine ushindi. Refa alipoinua mkono wa mshindi, Lottie naye aliinua wake akidhani ameshinda, na akauweka juu mpaka alipofika mezani kwa mama yake. Tate alishinda mbili akashindwa moja, na hakuna mtu aliyeuliza habari za mvulana wa Saint Odilo. Chini kule mbele, Mama Goedken alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja na blanketi magotini, na Kocha alikuwa akimwendea kila baada ya mechi kumweleza, naye akimjibu kwa kutikisa kichwa kwamba ameona.

Saa tano kasoro dakika kumi, Janelle akatangaza kwamba mechi za asubuhi zimebaki nne tu, na kwamba familia ambazo watoto wao wamemaliza zinaweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyesimama. Watu walitazamana. Masanduku ya barafu yalikuwa hayajafunguliwa. Baba mmoja wa Osbury akauliza kwa sauti, kama mtu aliyeachiwa huru asiyejua pa kwenda, sasa waende wapi. Kendra aliwahesabu watoto wake, wote watano wamevaa medali, akautazama mfuko wa nguo ambao haukuguswa, na kwa mara ya kwanza siku ile akamgeukia Darin.

"Mwambie mkeo aje kwetu ale," akasema. "Nina nyama ya watu thelathini hapa."

Mechi mojawapo kati ya zile nne ilikuwa ya Brynn. Darin alijua matokeo yote ya binti yake tangu akiwa na miaka mitano. Alikuwa na namba zake kichwani, alizozisoma kwenye vikaratasi vilivyoletwa mezani baada ya kila mechi. Hakuwa anajua kwamba kabla ya filimbi Brynn hufumba macho na kuvuta pumzi mara tatu akiwa ameshika masikio yake. Hakuwa anajua kwamba akiangushwa hatoi sauti, lakini akiangusha hutoa mguno mdogo, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta kabatini. Alitoa mguno huo mara moja. Mwenzake, msichana wa Tilford mwenye nywele zilizosukwa mpaka mgongoni, alimgeuza katika dakika ya mwisho, na Brynn akashindwa kwa pointi mbili. Darin alijikuta amesimama, na hakumbuki alisimama lini.

Brynn alipeana mkono na mwenzake, akachukua kikaratasi chake, akakipeleka mezani. Janelle alikipokea, akamshika shavu, akarudi kwenye maikrofoni. Alitangaza kwamba kipindi cha asubuhi kimekwisha na familia za mchana ziingie kupima uzito. Akawashukuru waliofika. Akasema mwakani atakianza kipindi cha kwanza nusu saa baadaye, kwa sababu leo ameona watoto wadogo bado wana usingizi.

Darin alisikia neno mwakani likitoka kwenye spika zote sita za ukumbi. Alikaa chini. Machozi yalimlengalenga, na kwa kuwa alikuwa karibu na Kendra, alijifanya anatafuta kitu chini ya benchi.

Brynn alikuwa bado amesimama karibu na meza, anatazama nyuma ya kiti cha mama yake, pale ambapo baba husimama siku zote. Alitazama mlangoni. Akatazama jikoni wanakouza mikate ya mdalasini. Ndipo akamwona juu, safu ya tatu, ameshika mto. Akapanda zile ngazi polepole na viatu vyake vya mieleka vikining'inia shingoni, na alipofika akasimama mbele yake, uso umejaa wasiwasi.

"Baba, umeumia?"

"Hapana. Nimekaa tu. Nilikuwa nakuangalia."

Brynn aliyapokea maneno hayo akayafikiri. Aliangalia benchi, akaangalia mikeka chini, akamwangalia tena baba yake.

"Sikujua unaruhusiwa kukaa huku," akasema.

Darin ana utani kwa kila jambo, na habari hii yote huisimulia kwa utani, lakini akifika hapa hana. Husema tu kwamba alisogeza koti lake ili pawe na nafasi, na binti yake akakaa.